Nilikwenda Kuhemba Kisiwani

Mwanangu wa kwanza anaishi Buffalo, upande wa Black Rock, katika nyumba ya mbao aliyoinunua ikiwa mbovu akaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Majira ya baridi ya mwaka ule theluji ilimfungia ndani siku tatu. Alipotoka alinipigia simu Louisville.

"Baba, nimechoka na koleo," akasema. "Nimekodi nyumba Puerto Rico, wiki moja, karibu na bahari. Kisiwa ni cha Marekani, vitambulisho vyetu vinatosha. Tiketi yako nimeshakata. Mdogo wangu naye anakuja na mtoto."

"Baba, upo?"

"Nipo."

"Amekubali kwa sharti moja. Kanisa libaki Louisville."

Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka sitini na minane, na mjukuu wangu huyo wa kike, mwenye miaka miwili na ushei, nilikuwa sijamshika hata siku moja.

Sababu nitaieleza mwenyewe, kwa kuwa ni yangu. Mimi ni mzee wa kanisa. Kazi hiyo niliianza katika kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, ambako sisi Warundi wengi tuliishi mpaka watoto wetu wakazaa watoto. Tulipoletwa Marekani tukakaa Louisville, upande wa Iroquois, tulianzisha ibada yetu katika ukumbi wa kuazima, na utaratibu tukaja nao. Kwetu mtu akianguka katika kosa la wazi, jina lake husomwa Jumapili mbele ya watu wote, naye hukaa mbali na Meza ya Bwana mpaka siku atakapokuja mbele, apige magoti na kutubu. Binti yangu alipata mimba kabla ya ndoa. Jina lake likasomwa. Aliyelisoma ni mimi.

Wiki mbili baadaye alihamia Columbus kwa yule kijana aliyempa mimba, Mkongomani, wakapanga nyumba Westerville. Mtoto akazaliwa. Walifunga ndoa serikalini, na binti yangu akapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Mimi nilibaki Louisville nikimngoja. Columbus si mbali, kwa gari ni asubuhi moja tu. Lakini niliona mambo yako wazi: aliyekosa ni yeye, wa kuja ni yeye. Nilimwombea kila alfajiri bila kuruka siku. Watu walisifu uvumilivu wangu, nami nikauhesabu kuwa kipawa.

Mama yao tulimzika kambini. Angekuwapo, nadhani angepanda basi siku ileile.

Nyumba ya kisiwani ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza kilichotazama bahari. Hakukuwa na la kufanya, na hilo lilinisumbua. Nimefunga maboksi ghalani mpaka magoti yakakataa, na kabla ya hapo nililima, kupumzika sikufundishwa. Asubuhi ya kwanza nilifagia kibaraza mara mbili nikatandika vitanda vyote. Nikamkuta mwanangu amesimama mlangoni na kikombe mkononi, ananitazama.

"Mzee, hapa tumelipia. Kaa."

"Nimekaa."

"Umeshika ufagio."

Nikauweka. Nikaenda kuketi mchangani kwenye kiti cha plastiki, na suruali yangu ndefu na viatu vya kanisani, nikamtazama mtoto akicheza. Alikuwa amechimba shimo. Alichota maji baharini kwa ndoo ndogo, akakimbia nayo huku nusu ikimwagika, akamimina. Mchanga ukayanywa. Aliinama kutazama yamekwenda wapi, kisha akarudi kuchota mengine. Jua lilikuwa la upole, upepo ulikuwa mzuri, na siku zilipita hivyo, tukila samaki na wali, tukilala mchana kama watu wasio na bosi.

Binti yangu alinitendea vema. Aliniamkia kila asubuhi kwa adabu, akaniletea chai, akanipaka mafuta ya jua kichwani penye upara. Hakuniuliza neno lolote. Heshima isiyo na maneno ni ukuta uliopakwa chokaa: mtu wa nje huusifu tu. "Msalimie babu," alikuwa akimwambia mtoto, na mtoto alijificha nyuma ya miguu yake. Nilimpa pipi. Akaipokea kama anavyopokea kwa muuza duka, akaondoka.

Siku ya nne mtoto alianguka kwenye ngazi za kibaraza, goti likachubuka. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, hatua mbili tu. Nikapanua mikono. Alinyanyuka akalia, akaniona, akanizunguka kama mtu azungukavyo kiti, akakimbilia kwa mama mmoja aliyekuwa akifua nguo kwenye nyumba ya jirani. Mtoto alikuwa amemjua mama yule kwa asubuhi mbili tu. Akamkumbatia na kumpuliza goti. Mimi nikabaki na mikono yangu.

Binti yangu alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Akatoka.

"Hakujui, Baba," akasema, wala hakuwa na hasira. "Hukuja."

"Nilikuwa nakungoja wewe uje."

"Mimi? Nilikuwa na mshono tumboni. Ningekujaje?" Akafuta mikono yake kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Wakwe zangu walileta sufuria ya isombe. Mama mmoja wa kazini, Mmarekani, hata jina langu hawezi kulitamka, alileta supu. Mimi kila gari likisimama nje nilisema ni Baba. Wiki ya kwanza, ya pili. Basi, tuyaache. Tulisema kanisa libaki Louisville."

Akaenda kumchukua mtoto wake kwa jirani.

Sikula jioni ile. Nilidhani nilikuwa nimemnyima binti yangu jambo la kanisani, kumbe lile la nyumbani ndilo nililomnyima. Kwetu Burundi mtoto akizaliwa, watu huenda kuhemba. Ndugu hubeba chakula kichwani, unga wa uji, maharage, ndizi, na kinywaji. Huja mpaka mlangoni kwa mzazi, hubisha, humwambia tumesikia una mgeni, tumekuja kukushika mkono. Mzazi hupokea, huwaonyesha mtoto, nao humtakia mema. Usipokwenda kuhemba umesema kwa miguu yako kwamba mtoto huyo si wenu. Hata kambini, tulipokula mahindi ya mgao, tulihemba. Mtu alichota kikombe kimoja cha mgao wake akakipeleka. Mimi niliyewafundisha wengi madarasa ya ubatizo sikuwahi kupeleka hata kikombe kimoja Westerville.

Asubuhi nilimwomba mwanangu anipeleke sokoni. Kihispania sikijui, nilionyesha kwa kidole. Ndizi mbichi zilikuwapo, zilezile za kwetu kwa sura, na maharage mekundu, na unga wa mahindi. Mawese sikuyapata. Pombe ya ndizi, ambayo wengi huhemba nayo, sisi tuliookoka hatuitumii. Huwa tunapeleka kreti ya fanta. Nikachukua soda chupa kumi na mbili.

Binti yangu na mtoto walipokuwa baharini nilipika ndizi na maharage kwenye sufuria moja, kama mjane wa kiume ajuavyo kupika. Waliporudi na kuoga, nilikuwa nimeshatandika taulo safi kwenye beseni la plastiki na kupanga vyote humo. Nikalitwika kichwani.

"Baba, unakwenda wapi?" mwanangu akauliza.

"Nje. Wewe beba soda."

"Soda zinakwenda nje?"

"Zitarudi."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukazunguka mpaka barabarani, kisha tukageuka tukapanda ngazi za kibaraza. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Niliufunga, nikabisha.

"Hodi hapa."

Binti yangu akafungua na kitana mkononi. Alikuwa anamchana mtoto. "Baba? Mbona mlango ulikuwa..." Akaliona beseni.

"Tumetoka Louisville," nikasema. "Tumesikia hapa kuna mzazi. Tumekuja kuhemba."

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mzazi gani, Baba! Mtoto ana meno yote. Anakula pizza!"

"Pokea basi," kaka yake akasema nyuma yangu. "Soda hizi nzito, na wageni hawapewi hata kiti?"

Kicheko kikamwisha ghafla. Alinitazama nikiwa na beseni kichwani, shingo ikitetemeka kidogo kwa uzito. Hakunyosha mikono.

"Wekeni chini," akasema. "Kabla sijapokea nina neno. Kaka, mchukue mtoto ndani."

Tulikaa kwenye ngazi, beseni kati yetu.

"Jumapili ile," akasema, "wazee mlikuwa wangapi?"

"Watano."

"Wote walikuwapo?"

"Wote."

"Kwa nini ulisoma wewe?"

Jibu nilikuwa nalo tayari kwa karibu miaka mitatu. Nimewapa wengi: kwamba mzee wa kanisa hana upendeleo, kwamba ilikuwa zamu yangu. Zamu haikuwa yangu. Nilitazama ndizi zikitoa moshi, nikaona siwezi kuhemba na uongo.

"Walitaka kunipumzisha," nikamwambia. "Mzee mwenzangu alishika karatasi, akasema, wewe leo kaa kama baba. Nikamnyang'anya. Nilitaka watu waseme huyu ni mwenye haki, hata mtoto wake hamfichi. Nao wakasema. Walinishika mkono mlangoni mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani nimeshiba sifa, mwanangu, na wewe ulikuwa chumbani kwako ukilia. Nilikusikia."

Ndani tulisikia mtoto akimwamrisha mjomba wake jambo fulani kwa Kiingereza.

"Kosa langu mimi nalijua," akasema mwishowe. "Nimeshazungumza na Mungu. Lakini nilidhani ulilazimishwa. Ndilo lililonisaidia kukuamkia wiki hii."

"Hawakunilazimisha."

"Basi kawaambie hivyo. Si mimi. Wao, pale ulipolisomea jina langu."

"Nitawaambia."

Akanyosha mikono akalichukua beseni. Mwanamke aliyezaa husema asante kwa kumleta mtoto, naye alimleta, akamsimamisha mbele yangu, nywele zimechanwa upande mmoja tu. "Mgeni wetu huyu hapa," akasema, kama isemwavyo kwetu. Nilimtakia mtoto mema niliyopaswa kumtakia akiwa bado na kitovu kibichi: akue, azae, asije akalala njaa, asikimbie nchi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akila ndizi kwa mkono. Hakuja kwangu. Sikumwita.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za amani, ingawa hatukuzungumza zaidi. Uwanja wa ndege tuliagana, wao kwenda Columbus na Buffalo, mimi kwetu.

Jumamosi niliwaita wazee wenzangu nikawaeleza ninachotaka kufanya. Hawakukipenda. Mmoja, mtu mwema tuliyetoka naye kambini, akasema, "Mzee, ukipiga magoti wewe, kesho nani atatuogopa?"

"Ndipo nilipopotea mimi," nikamjibu. "Hapo kwenye kuogopwa."

Jumapili, baada ya matangazo, nilitoka mbele. Sikusema kwamba utaratibu wetu ni mbaya, siamini hivyo. Nilisema nilipewa nafasi ya kuwa baba, nikaiuza kwa sifa zao, na kwamba sikwenda kuhemba. Nilipotaja kuhemba, akina mama waliguna. Hawakuwa wamejua, walidhani nilikwenda kimyakimya. Nikaomba kukaa mbali na Meza ya Bwana. Wazee walinong'onezana, wakanipa miezi mitatu. Nikapiga magoti. Kunyanyuka kulikuwa kazi, ikabidi nisaidiwe na watu wawili. Mlangoni wachache walinishika mkono. Wengine walipita wakitazama simu zao.

Nilikuwa sijavua koti nyumbani simu ilipolia.

"Baba, nimesikia," binti yangu akasema.

"Nani amekwambia?"

"Kwaya nzima." Akavuta pumzi. "Magoti yako yanaumaje?"

"Namshukuru Mungu. Yanauma."

Nilisikia maji yakichuruzika jikoni kwake, na mtoto akigonga kitu.

"Huyu amekataa kulala mchana," akasema. "Hebu mwambie wewe."

Akaweka simu sikioni kwa mtoto. Nikasikia pumzi ndogo, za haraka.

"Lala, mama," nikamwambia. "Ni babu."

"No," mtoto akasema.

"Endelea tu kumwambia," binti yangu akasema kwa mbali. "Mimi nakunja nguo."

Nikavuta kiti, nikaendelea kumwambia.