Nifungie Hiyo Seti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika asubuhi na mapema kwenye duka la baiskeli la Mtaa wa Kongo, Kariakoo, shati limepigwa pasi kana kwamba nakwenda kuposa. Fundi Mkuu akanitazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akanisukumia baiskeli ya mteja.

"Panda, zunguka soko, urudi uniambie inaumwa nini."

Nilirudi jasho linanitiririka, nimetukanwa na wasukuma mikokoteni, nikamwambia inahitaji mnyororo mpya.

"Umeiendesha au umeipeleka matembezi?" akauliza.

Kumbe zilikuwa gololi za pedeli tu, vile vichuma vya duara vinavyofanya kitu kizunguke laini, zimekauka grisi. Kwake yeye ilikuwa lazima uendeshe kwanza, ndipo ufungue. Tena kifaa kipya hakitoki kwenye boksi kikaingia moja kwa moja kwenye baiskeli. Unakitandaza kwenye kadibodi kando ya kile cha zamani, unavilinganisha, mikono mikavu. Maana Kariakoo, wanangu, kilichoonja grisi hakirudi dukani. Hata kama hakiingii, ni chako.

Baadaye nilihamia maeneo ya Posta, karakana ya ofisi moja iliyokuwa na matarishi wa kupeleka nyaraka bandarini. Msimamizi wa Karakana alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Mimi nilikuwa kijana, macho juu, nikamsumbua tufunge gia kwenye baiskeli zote.

"Sudi," akaniambia, "kutoka hapa mpaka bandarini mlima uko wapi?"

"Haupo, bwana Msimamizi."

"Sasa hizo gia za kupandia wapi?"

Nilinuna. Nikaendelea kupaka mafuta minyororo ya matarishi mpaka ofisi ilipoanza kutumia pikipiki na mimi nikaambiwa asante.

Nikarudi Kariakoo, nikafungua kijiwe changu Mtaa wa Swahili. Miaka hii ya karibuni zikaingia baiskeli za resi, zile nyembamba zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Jumapili alfajiri vijana wanatoka kwa makundi, wamevaa nguo za kubana mpaka mtu mzima unageuza uso. Wote wana swali moja: "Babu, nikibadilisha gia, inalipa?" Nami huwauliza, inamlipa nani? Muuza duka inamlipa sana.

Aliyenitoa jasho ni Zuhura. Huyu ni fundi cherehani, mjane, anashona kwenye baraza ya nyumba ya jirani yangu, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa inawalisha watoto wake. Alinunua baiskeli ya resi ya mtumba, fremu ya chuma, na kila Jumapili kundi lilimwacha njiani. Wenzake wakamwambia tatizo ni gia za kizamani. Nilidhani ni utani aliponieleza kwamba atauza cherehani apate seti mpya ya gia, halafu atashonea ya kuazima.

"Babu, Jumapili peke yake ndiyo hakuna anayenidai nguo yake," akasema. "Na hiyo Jumapili nayo niachwe?"

Seti ilikuwa kwa Mangi. Kwetu muuza duka kutoka Kilimanjaro huitwa Mangi, na huyu aliuza vipuri jirani na kijiwe changu. Siku moja Zuhura aliacha baiskeli kwangu nimkazie breki, akaenda zake. Baadaye akampigia Mangi simu, na Mangi akaja na boksi mkononi.

"Shikamoo babu. Dada Zuhura kasema, nifungie hiyo seti. Pesa analeta leo leo."

"Marahaba. Weka hapo."

Sasa angalieni neno. Kwa fundi, kufunga ni kukiweka kifaa mahali pake na kukikaza. Kwa mnunuzi dukani, nifungie maana yake niwekee kwenye boksi, asichukue mwingine. Zuhura alisema la dukani, roho yake bado inasita. Mangi, kwa sababu baiskeli ilikuwa kwangu, akasikia la fundi.

Nikapanda kwanza. Nilikwenda mpaka Jangwani na kurudi, magoti yangu yakilalamika kuliko baiskeli. Breki ya nyuma ilikuwa inang'ata rimu, gololi za magurudumu zimekauka, mnyororo umechakaa unaruka meno, tairi hazina upepo wa kutosha. Gia zenyewe hazikuwa na neno. Nikatandaza seti kwenye kadibodi. Haba mpya, yaani kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa pana kuliko uma wa nyuma wa fremu. Seti za namna hii ni kama mgeni anayekuja na nduguze: meno mapya yatataka haba, haba itataka gurudumu, na mwisho wake utatafuta fremu nyingine.

Nilikuwa nakuna kichwa Zuhura alipotokea mbio, mtandio mkononi.

"Babu! Ushafunga?"

"Salamu hakuna siku hizi?"

"Shikamoo babu, ushafunga?"

"Marahaba. Bado."

Akajibwaga kwenye kreti la soda. "Mangi kaniambia umeshaanza. Nikajua imeonja grisi, ndiyo basi, nikamruhusu mama wa watu aliyekuja kuinunua apakie cherehani. Babu, niambie kweli. Inalipa?"

"Haikulipi, mwanangu. Wala haiingii. Niachie gololi na mnyororo, uone."

Akampigia simu yule mnunuzi. Haikupokelewa. Mkokoteni uliobeba cherehani ulikuwa umeshaondoka kuelekea mtaa wa Gerezani. Nikailegeza ile breki iliyokuwa inang'ata, nikamwambia, "Ya nyuma hakuna, tumia ya mbele. Nenda!" Akapanda, akapotea katikati ya watu akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni jamani!" Mangi, aliyekuwa ametoka dukani kwake, akashika kichwa. Mimi niliogopa, sifichi. Niliwafikiria wale watoto, nikakaa na spana mkononi kama bwege.

Alirudi akikokota baiskeli, na nyuma yake mkokoteni, cherehani juu, msukuma anafoka: "Mama, na kurudi nako kuna nauli!" Nilipumua mpaka mbavu zikauma. Mnunuzi, aliyekuja na mkokoteni, alirudishiwa pesa yake, akaondoka amenuna. Mangi akaliinamia boksi lake.

"Kavu, babu? Haijaonja grisi?"

"Kavu."

Jumapili iliyofuata, gololi zimesafishwa na mnyororo mpya umewekwa, Zuhura alikwenda na kundi na kurudi nalo. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa katikati, anacheka.

Sasa mikono inatetemeka, kijiwe nimekifunga. Vijana bado wanakuja nyumbani kuuliza kama inalipa, nami nawaambia waende wakaendeshe kwanza. Najua wengine hawasikii. Zamani ningegombana nao.

Siku hizi nikiswali alfajiri narudi kitandani. Jua likichomoza nasikia cherehani barazani kwa jirani, tak-tak-tak. Nasema Alhamdulillahi, nageukia ukutani, nalala tena.