Blanketi la Bibi Yake Anna

Jamani, mimi fundi niliyejisifu kwa usharika mzima nimeumbuka. Dramu za zamani za kanisa letu hapa Mwika nilizibadilisha ngozi, nikakaza skrubu, lakini ile kubwa inayopigwa kwa mguu bado ilivuma kama pipa tupu. Asubuhi ya harusi ya jirani yangu Anna, nikaona blanketi jekundu kwenye mfuko pale ukumbini. Nikadhani limesahauliwa, nikalisokomeza ndani ya dramu hiyo kupitia tundu lake la mbele. Mlio ukatulia, mtamu ajabu!

Mchana wakwe, upande wa bwana harusi, wakaitwa watoe blanketi la kumzawadia bibi yake Anna. Kwetu huchukui mjukuu wa mtu bila hilo. Likatafutwa kila kona. Nami, mjinga, nikawapigia dramu wasichoke kutafuta. Bibi, aliyeketi mbele yangu, akainama, akachungulia tundu la dramu, kisha akaomba maiki, akaniuliza:

"Mjukuu wangu, mbona blanketi langu unalipiga mateke?"