Rimu ya Kuanulia Usipa

Sauti ya chuma ilinifikia kabla sijaliona ziwa. Dereva wa bodaboda alikuwa amezima injini ili tushuke mteremko wa mwisho kwa uzito wetu wenyewe, na katika ukimya ule chuma kililia mbele yetu kwa mapigo makavu, ya haraka. Nilidhani ni kengele ya shule, au msiba. Tulipokata kona niliona maji, kisha mchanga, kisha wanawake wakikimbia na mabeseni kati ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani, na pembeni yao mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge kiunoni akigonga rimu ya lori kwa kipande cha nondo. Mvua ilipofika, vichanja vilikuwa vitupu.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakaushaji. Nilipanga chumba uani kwake kwa msimu mmoja ili niandike. Niliishia kugeuza samaki pia, kwa sababu pale ufukweni mtu asiye na kitu mkononi huulizwa kama anaumwa.

Rimu ilitoka kwenye lori la makaa ya mawe lililokatika ekseli likitokea machimbo ya Ngaka. Ilining'inia kwenye boriti ya baraza ya ofisi, na nondo yake ilisimama ukutani chini yake. Kazi yake ilikuwa moja: wingu likipanda, rimu inalia, kila mwanamke anaacha alilokuwa akifanya na kuja kuanua. Usipa wadogo kama kidole hukauka kwa siku moja ya jua kali na huharibika kwa mvua moja.

Mwenyekiti hakuzaliwa ziwani. Alitoka Ukata, juu kwenye kahawa, akaolewa huku, na mumewe alipofariki akabaki. Katibu wa kikundi, dada wa marehemu, hakuliacha jambo hilo lipoe.

"Mmatengo huyu," aliniambia siku ya kwanza, "alikuja hapa anaogopa samaki mwenye macho. Kwao samaki ni wa kwenye kopo."

"Na wewe wifi," mwenyekiti alijibu bila kugeuka, "kahawa yetu ulidhani ni dawa ya minyoo."

Walicheka wote. Lakini lilipokuja suala la kazi, mwenyekiti ndiye aliyejua. Yeye alisema lini wageuze, lini wafungashe, mnunuzi gani wa Songea asubiriwe na yupi aachwe aende zake. Kikundi kilikwenda vizuri, na kilikwenda vizuri kwa sababu yake. Hakuna aliyeziona hizo kuwa habari mbili.

Kisha simu ikaja kutoka Ukata. Mama yake mzazi aliteleza kwenye ngoro, yale mashamba ya mashimo yanayolimwa kwenye miteremko, akavunjika nyonga. Alikuwa na mtoto mwingine mmoja tu, wa kiume, na mke wa huyo kaka ndiyo kwanza amejifungua. Mama haogeshwi na mwanawe wa kiume. Mwenyekiti alilisema hilo jioni akipepeta mchele, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akapepeta ungo ule ule mara ya pili.

Ikatokea akaalikwa semina ya uongozi Mbinga mjini. Alipanga kumaliza semina, apande hadi Ukata, akae huko hadi mama yake asimame. Mwezeshaji, alinisimulia baadaye, aliandika ubaoni maneno "utamaduni wa uongozi", akayapigia mstari, akawaomba washiriki wazime simu.

Mchana ule wingu lilitoka nyuma ya vilima, jeusi, bila haraka. Wote waliliona. Katibu alipiga simu, akapiga tena.

"Hapatikani," alisema.

"Tungoje kidogo," mwingine akasema. "Labda litapita."

Nondo ilikuwa imesimama ukutani, hatua chache kutoka tulipokuwa. Nami nilisimama pamoja nao. Nilikuwa mgeni, na mgeni hagongi kengele ya wenyeji. Walioko majumbani hawakusikia kitu, na sisi wachache tulipoanza kukimbia mvua ilikwisha tutangulia. Kesho yake usipa walinuka hadi barabarani. Kunguru walikuja kama walioalikwa arusi.

Mwenyekiti alirudi siku hiyo hiyo, habari ilikwisha mfikia. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Mbinga, Ukata hakufika.

"Tulikupigia, Mama," mmoja alisema.

"Mngegonga rimu."

"Agonge nani?" Katibu aliweka beseni chini. "Mimi? Umesahau, wifi? Msimu ule niliogonga, wingu likapita, ulisema nini mbele ya watu wote hawa?"

"Nilisema nini?"

"Ulisema nondo si mwiko wa ugali, kwamba kila mwanamke aushike."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akachukua koleo, akaanza kuzoa.

Katika kikao kilichofuata alitangaza kwamba atakayeona wingu agonge, asimtafute mtu. Wakajibu, "Sawa, Mama." Ilikuwa sawa ya adabu. Wiki zilizofuata, wingu lilipopanda, macho yaliinuka juu, kisha yakashuka na kutua kwake. Mtu angekohoa mlangoni: "Mama, kuna wingu." Angeinuka, agonge. Jioni kaka yake alipiga simu, naye alizungumza Kimatengo akiwa amenipa mgongo. Neno la kumtaja mama tu ndilo nililoweza kulitambua, na lilirudi mara nyingi.

Aliyeigonga hatimaye alikuwa mdogo kuliko wote, mke wa mvuvi aliyeolewa mwaka ule kutoka Mkumbi. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza ufukweni. Jua lilikuwa kali. Rimu ililia ghafla, nasi tukakimbia, wengine na mikono yenye unga. Mwenyekiti alitazama ziwani mara moja. Nguzo ya rangi ya moshi ilikuwa imesimama juu ya maji, inayumba. Nilimwona akitambua. Akachukua beseni, akaanua pamoja nasi hadi kichanja cha mwisho.

Nguzo ikakatika katikati, ikasambaa, ikaenda upande wa Malawi. Halikuwa wingu la mvua. Walikuwa nzi wa ziwani, wale wadogo wanaoinuka kutoka majini kwa mamilioni.

"Nzi!" Katibu alipiga makofi. "Jamani, tumewakimbiza usipa ndani kwa ajili ya nzi! Bibi arusi, huko kwenu Mkumbi mvua ina miguu sita?"

Kicheko kikapita kichanja hadi kichanja. Binti aliirudisha nondo ukutani polepole, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake. Kisha kicheko kikaisha, na wote wakamtazama mwenyekiti.

"Uliona nini?" mwenyekiti alimuuliza binti.

"Moshi, Mama. Umesimama juu ya maji. Kwetu mvua huanza hivyo, inasimama kwanza mlimani."

"Nzi huyumba. Mvua huegemea upande mmoja, halafu inatembea."

"Sikujua."

"Sasa umejua. Haya, tuanike."

"Wifi, mgongo wangu!" Katibu alilalamika.

"Mgongo utapona. Usipa wa siku ile walipona?"

Katibu alisonya, kisha akacheka mwenyewe, akabeba beseni la kwanza.

Sijui kama hilo ndilo mwezeshaji alilolipigia mstari. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile rimu ililia kwa mikono mingi. Mara nyingine ilikuwa mvua, mara nyingine ilikuwa hofu tu, na aliyekosea alitaniwa hadi jioni, lakini kesho yake angeweza kugonga tena. Katibu mwenyewe aligonga mara mbili, na mara ya pili alikosea vibaya. Bibi arusi wa Mkumbi akamuuliza, kwa upole kabisa, kama aliwahesabu nzi miguu.

Asubuhi ya safari ya Ukata, mwenyekiti alikuwa ofisini akikaza kamba ya mfuko wake. Ndani alikuwa ameweka usipa wakavu wa kumpelekea mama yake. Ufunguo wa ofisi alikwisha mkabidhi katibu. Nje basi la Mbinga lilipiga honi, na honi haijaisha vizuri, rimu ikalia.

Tulichungulia wote wawili dirishani. Juu ya vilima kulikuwa na wingu jembamba, jeupe pembeni. Kwa macho yangu halikuwa na mvua. Nilimtazama, na nadhani kwa macho yake pia halikuwa nayo. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Huko nje wanawake walikuwa wakikimbia.

"Wewe unasubiri nini?" aliniambia. "Kaanue."

Nilitoka. Nilipofika kwenye kichanja cha tatu na beseni langu niligeuka kutazama. Alikuwa barazani, mfuko begani, akipita chini ya rimu ambayo bado ilikuwa inatetemeka kwa mapigo ya mwingine. Hakuinua uso kutazama juu. Aliuvuta mlango wa ofisi nyuma yake ukafungika, akaenda kwenye basi.