Maziwa Yalipokatika kwa Wambeti

Wambeti alifunua sufuria akaona maziwa yamekatika: maji upande mmoja, madonge upande mwingine. Sebuleni, wakwe kutoka Meru walikuwa wameshaketi na wameshasali. Walisubiri chai.

Kosa lilikuwa lake. Anaishi nje kidogo ya Siakago, nchi ya mbuzi, ndengu na mizinga ya nyuki, na kiangazi kikikaza mbuzi hawana cha kukamuliwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka Wambeti hunywa turungi, chai isiyo na maziwa, na mkono wake umezoea: maji, tangawizi mbichi iliyopondwa, kisha moto. Siku hiyo mkono ulifuata mazoea yake, ila ndani ya sufuria mlikuwa na maziwa ya ng'ombe aliyopewa na jirani. Tangawizi mbichi ikiingia kwenye maziwa ambayo hayajachemka, huyavuruga kama mlevi harusini.

"Uui, mama Linda, umetumaliza!" alisema Lydiah, wifi yake, ambaye ndiye aliyenisimulia baadaye mambo ya jikoni. "Watu wa Meru utawapa turungi siku ya kwanza?"

"Si tutume mtu sokoni?"

"Mpaka arudi, hawa watakuwa wamefika kwao."

Lydiah hakuwa anatia chumvi. Siku wazazi wa kijana wanapokuja kwa msichana mara ya kwanza, chai huwa ya maziwa, nzito, na maneno ya posa hayaanzi kabla haijanyweka. Ikija bila maziwa, mgeni ana haki ya kusema hakukaribishwa, achukue kofia yake aondoke. Na Linda, binti pekee wa Wambeti, alikuwa amemsubiri Kailemia wake kwa muda mrefu.

Wambeti alisugua sufuria, akateka maji safi. Yalipochemka na tangawizi na mchaichai aliouchuma kando ya bafu, aliyaepua kwanza, ndipo akatia majani na kufunika kwa sahani. Hachemshi majani, anasema yakichemka hukasirika. Aliimba beti za wimbo wa kanisani, taratibu, kisha akachuja. Asali aliiweka pembeni kwenye bakuli.

Mimi nilikuwa sebuleni, maana ndimi niliyewaleta wageni kwa gari. Nimekunywa chai ya mnanaa Marrakesh na chai ya chumvi milimani Pamir, lakini sijawahi kuona vikombe vikitazamwa vile.

Angeline, mama yake Kailemia, aliinamia chake. "Mama Linda, kwani ng'ombe wa huku walikufa wote?"

"Ng'ombe wako hai, mama Kailemia. Maziwa ndiyo nimeyaua mimi mwenyewe, na tangawizi. Nimeona afadhali niseme ukweli."

Linda, mlangoni, alishika pazia kama linataka kuanguka.

Ndipo mzee Thuranira, kaka yake Angeline na msemaji wa wageni, alipoinua kikombe akanywa mpaka chini. Akakinyoosha.

"Ongeza."

"Kaka, hiyo chai umeiangalia?"

"Nimeiangalia. Nimeingoja miaka." Alijipapasa tumbo. "Maziwa na mimi hatusikizani tangu nizeeke. Lakini ukikataa chai ya mkwe, umekataa binti yake. Nimewaposea vijana wetu wote nikiumia kimya."

Angeline alimgeukia. "Kumbe! Tukitoka posa ya Muthamia, ulisimamisha gari Chuka, eti unaangalia mahindi ya watu?"

"Niliyaangalia kwa karibu sana," alisema Thuranira.

Lydiah ndiye aliyeanza kucheka. Kisha nyumba nzima. Angeline alijaribu kukunja uso ukakataa. Akachota asali, akakoroga, akaonja. Akaonja tena. Aliweka kikombe, akajifunga leso kiunoni na kusimama.

"Jikoni ni wapi?"

Kicheko kilikatika. Mgeni wa siku ya kwanza haingii jikoni. Huko huingia mtu wa nyumbani.

"Keti, mama, kuna moshi," alisema Lydiah.

"Kwani kwetu tunapikia nini, mbalamwezi? Nimempikia huyu mzee sumu miaka yote hii. Mkwe wangu atanionyesha."

Wambeti alimshika mkono, wakapita mbele yetu, na mara tukawasikia wakibishana juu ya kiasi cha majani kama watu waliokua pamoja.

Thuranira hakuwangoja. Aliomba Linda aletwe mbele, akamuuliza, kama ilivyo desturi, iwapo anawafahamu wageni hawa, au wamepotea njia wasaidiwe kurudi kwao.

"Nawafahamu," alisema Linda. "Wasirudi."