Barua ya mwalimu ilivyofungiwa maandazi: nilivyoijua sheria ya taarifa binafsi nikiwa na stationery yangu Mitundu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo zenu. Hii siyo chai na sijasimuliwa na mtu. Imenikuta mwenyewe, na aibu yake bado ninayo.

Nina stationery hapa Mitundu. Kompyuta moja, printa moja na mashine ya photocopy ambayo ikigoma kijiji kizima kinajua. Ukitaka nyingine, panda gari uende Itigi.

Sasa kwenye kazi hizi karatasi zinaharibika. Umechapa barua, wino umefifia, unarudia. Ile mbovu kwangu ilikuwa inaingia kwenye boksi, boksi likijaa anakuja Mama Tatu, jirani yangu anayekaanga maandazi, anabeba akafungie maandazi.

Miaka yote tumeishi hivyo. Hata wewe unayesoma hapa umeshakula karanga huku unakagua majibu ya mtihani ya mtu usiyemjua, usijifanye mtakatifu.

Desktop yangu ndiyo usiseme. CV, namba za NIDA, maombi ya talaka, vyote vimejaa pale. Mtu akija hajui kuandika barua, namfungulia ya mwenzake aige. Niliona hiyo ndiyo customer care.

Kuhusu sheria ya taarifa binafsi, nilikuwa nimesikia. Mfanyakazi wa zahanati moja aliwahi kuniletea muongozo wa ulinzi wa taarifa binafsi kwenye flash, nimchapie. Kurasa kibao. Sikusoma hata mstari. Nilijua hayo ni mambo ya mabenki na mitandao ya simu. Na zile kurasa zilizoharibika, naona haya kusema, nazo zilienda kwa Mama Tatu.

Basi, akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, tumwite Mwalimu Rehema, kuchapa barua ya kuomba uhamisho kwenda Ulemo. Sababu ni mama yake mzazi anayeishi huko. Amechanganyikiwa akili miaka mingi, na ndugu aliyekuwa anamtunza amefariki. Alinisomea kwa sauti ya chini, mimi nachapa. Nakala ya kwanza ikatoka na mstari mweusi katikati, nikarudia, akaondoka na nzuri.

Barua ya namna hiyo inapitia kwa mkuu wa shule. Rehema alikuwa anavizia siku nzuri akamkabidhi mwenyewe, waongee wawili.

Siku hiyo haikufika. Kesho yake saa nne, chai ya walimu ikaja na maandazi. Mwalimu mmoja akakunjua karatasi, akaona jina, akaanza kusoma kwa sauti akidhani analeta utani. Alipofika kwenye ugonjwa wa mama akanyamaza, lakini alikuwa ameshachelewa. Rehema alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

Mchana akaja dukani. Nilijiandaa kutukanwa, na bora ningetukanwa. Aliweka ile karatasi yenye mafuta mezani, akasema, "Kaka, sisi watoto wake tumemficha mama miaka yote ili watu wasimcheke. Leo amesomwa na staff nzima wakinywa chai."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso.

Nikaongozana naye mpaka kwa mkuu wa shule, nikampa shikamoo, nikamwambia kosa ni langu. Mzee alinisema weee. Alipomaliza akamwomba Rehema barua yake, akaipitisha palepale bila swali.

Jioni nikafungua ule muongozo. Ulikuwa bado upo kwenye kompyuta, si nilishawaambia sifuti kitu. Nikakuta wanayemsema ni mimi. Chukua taarifa kwa kazi uliyopewa tu, kazi ikiisha usizilimbikize, usimwonyeshe asiyehusika, na habari za afya ya mtu zina uzito wake. Tena kuna kujisajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Nimeshaanza, tunapigana na network.

Karatasi mbovu sasa nachana na kuchoma nyuma ya duka. Mafaili nafuta mteja akiwa anaona. Mama Tatu nilimnunulia magazeti, akaninunia wiki nzima eti yanachafua maandazi.

Juzi Rehema karudi, uhamisho umetoka. Alikuja na karatasi za hospitali za mama yake, anataka nakala. Nilifurahi, nikajua yameisha. Akaziweka kwenye kioo yeye mwenyewe, akabonyeza mwenyewe, akaokota mpaka ile iliyotoka nusu, akaikunja na kuitia kwenye pochi.

Nikamwambia asante kwa kuniamini tena.

Akasema, "Sijakuamini, kaka. Huku mashine ni hiyo yako tu."

Nilichojifunza ni hicho. Nilikuwa najidanganya kwamba watu wananiletea siri zao kwa sababu wananiamini, kumbe hawana pengine pa kuzipeleka.

Wenye stationery, zahanati na ofisi za vijiji, karatasi zenu mbovu zinaenda wapi? Semeni ukweli, mimi wangu nimeshautoa.