Simu Ilimwambia Nimefungua

Kwanza niseme kabisa: sinywi gongo, sivuti kitu, na jioni ile nilikula ugali wa muhogo na dagaa kama siku nyingine zote. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukianza tu kusimulia, mtu anakukata kauli na kukuuliza ulikuwa umelewa nini. Sikulewa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Nyamongo, na anayetaka kucheka acheke akiwa mbali na mimi.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo mchana kutwa ninanyoa watu huku kuta zinatetemeka. Zamani kufichika huko hakukunisumbua, wateja walinijua. Lakini dhahabu inaleta watu wapya kila wiki, na hao wageni hawaulizi mtu njia. Wanaandika kwenye simu "kinyozi wa karibu", na simu inawapeleka. Ilikuwa inawapeleka ng'ambo ya barabara, kwenye saluni yenye vioo na spika kubwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa amejiandikisha kwenye ramani ya mtandaoni. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi langu la nje naitazama migongo yao ikivuka. Hasira niliyokuwa nayo, wee acha tu!

Jumapili moja nikasema na mimi najiandikisha. Nikajaza jina la biashara, aina ya kazi, namba ya simu. Wakataka mtaa na namba ya nyumba. Namba ya nyumba, Nyamongo? Nikaandika "nyuma ya karasha". Wakataka picha, nikapiga kiti changu pamoja na kioo. Ikafika kwenye saa za kazi. Nikaandika kufungua 2:00, kufunga 12:00. Si nafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni? Kuna ubaya gani hapo? Nikabonyeza, nikakaa kusubiri umati.

Wiki nzima hakuja mtu. Nikawa situlii, nakaa nainuka, nafagia palipofagiwa, kila dakika niko kwenye simu kuangalia kama nipo kwenye ramani. Nilikuwepo.

Sasa, kabla sijafika kwenye usiku wenyewe, lazima nikwambie habari za mdogo wangu Mwita.

Mwita alikuwa mchimbaji. Wakati huo ulikuwa mwaka wa pili tangu ashuke duarani, kwenye shimo lao la kuchimbia, na wenzake watatu, na duara likatitia. Watu walifukua siku tatu wakakosa, mwishowe wakafukia mdomo. Lakini kulikuwa na mmoja aliyesema Mwita alipanda mapema siku ile, kabla udongo haujashuka. Mama yetu akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kisha shangazi yetu aliyeolewa Kenya, upande wa pili wa Sirari, akapiga simu: "Nimemuona Migori sokoni kwa macho yangu, si ni yeye tu!" Nilikwenda Migori. Nilizunguka lile soko mpaka wauza nyanya wakanizoea. Hakuwepo.

Kwetu mtu akifa ndugu wananyoa vichwa, na hapo ndipo kifo kinakuwa kifo. Mama akakataa wembe. "Siwezi kumnyolea mtu aliye hai," alisema, na wazee walipomshauri akawaambia waende wakawanyolee watoto wao. Nywele zake zikakua, zikawa nyeupe, akawa anazifunga kitambaa mchana na usiku. Kila nikienda nyumbani kumwamkia, hata shikamoo haijaisha mdomoni, ananiuliza, "Mwita amepiga?" Na mimi, kinyozi mzima, nilikuwa nashindwa kukinyoa kichwa changu mwenyewe. Ningenyoa vipi, wakati mama yangu anasubiri simu?

Haya, usiku wenyewe. Mimi hulala humo humo kibandani, nyuma ya pazia. Nikashtushwa na mlango.

"Kaka, umefungua?"

Nikaangalia simu, ni saa nane usiku. Nikamjibu vibaya, sitarudia nilichosema. Mtu hakuondoka.

"Simu inasema umefungua," akasema.

Nikamwona mwendawazimu. Lakini niambie ukweli, wewe ungekaa wiki nzima bila mteja, ungemfukuza? Nikawasha taa ya sola, nikafungua. Akaingia kijana mwenye mabuti ya mvua, mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia utosini mpaka miguuni, hata kope. Hilo halikunitisha. Wanaotoka duarani wote wako hivyo, mama zao wenyewe hawawatambui. Akakaa kitini, akainamisha uso.

"Nyoa zote."

Nikamfunga kitambaa shingoni. Shingo ilikuwa ya baridi, na nguo zake zilikuwa na harufu ya udongo wa chini kabisa, ule ambao haujawahi kuona jua. Nikawasha mashine. Ili nisisinzie, nikamuuliza, "Duara gani hilo linafanya kazi mpaka saa hizi?"

"Letu."

"Hampandi kupumzika?"

"Mimi nimepanda kunyoa tu. Nyumbani wamechelewa sana."

Nikaona anaongea maneno ya uchovu. Nikaendelea.

Sasa nisikilize vizuri. Kinyozi anaweza kusahau sura, lakini kichwa hakisahau. Mashine ilipofika nyuma ya sikio la kulia, mkono wangu uliigeuza wenyewe, ukapita pembeni, kabla mimi sijaona kitu. Ndipo nikaona. Pale pana kibonyeo kama cha kidole gumba, na ukipitisha mashine moja kwa moja unamkata mtu. Nilijuaje? Nilijua kwa sababu hicho ndicho kichwa nilichojifunzia kazi, nyumbani, na mkasi wa baba, mdogo wangu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimkata pale mara mbili na alicheka mara zote mbili.

Utaniuliza kwa nini sikumwita jina. Najiuliza hivyo mpaka leo, na inaniuma. Niliogopa kwamba nikimwita ataondoka. Niliogopa zaidi kwamba nikimwita ataitika. Nikamnyoa. Sijawahi kunyoa kichwa polepole vile. Machozi yangu yalikuwa yanamdondokea kichwani nami nayafuta pamoja na vumbi, na vumbi halikuisha.

Nilipomaliza, akapapasa kichwa chake kwa kiganja. "Hapo sawa, mura," akasema, kama tunavyoitana vijana wa kwetu. Akaenda mlangoni, akasimama. "Wenzangu wako hapo kwenye benchi. Utawanyoa?"

Nilitikisa kichwa. Ndiyo, nilikataa, na usinihukumu. Hakubishana. Nikasikia benchi likilia kama linavyolia watu wanapoinuka, halafu mabuti, ya zaidi ya mtu mmoja, yakienda upande wa maduara ya zamani.

Sikulala. Kulipopambazuka nikafagia. Unywele hata mmoja haukuwepo sakafuni, kulikuwa na unga wa mawe tu, tena mbichi.

Asubuhi akaja Ghati, dada anayeuza vocha mlango wa pili. Nilimpa simu aniangalizie kwa nini sipati wateja. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kaka, umewaambia watu unafungua saa nane usiku na kufunga saa sita mchana! Simu haihesabu saa za kwetu, jioni watu wakitoka kazini inawaambia umefunga." Kisha akaacha kucheka. "Lakini umepata maoni ya mteja mmoja. Nyota tano. Huyu Mwita ni nani?"

Jina lilikuwa lake, na picha ni ile ile aliyopiga ameegemea bodaboda. Simu yake ilishuka naye duarani. Alikuwa ameandika: "Nimenyolewa vizuri. Mwambieni mama naye anyoe."

Nilipanda bodaboda mpaka nyumbani bila kunawa uso. Mama hajui kusoma, nikamsomea. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akaichukua simu, akaiangalia ile picha ya bodaboda. Nilidhani atanifukuza kama alivyowafukuza wazee. Akafungua kitambaa polepole, akakiweka mapajani.

"Umekuja na mashine?" akauliza.

Nilimnyoa pale uani, halafu nikanyoa changu. Majirani waliona vichwa vyetu wakajua, kilio kikaanza, kilio cha miaka miwili.

Saa za kazi nimezirekebisha, na wateja siku hizi ninao, siwezi kulalamika. Lakini habari huwa hazikai. Sasa wanakuja wanawake, wengine wametoka mbali, kila mmoja na picha ya mume au mtoto, wananiomba nizirudishe zile saa, japo kwa usiku mmoja tu. Ninakataa. Wananiona mkatili. Saa nane ikifika niko macho, kila usiku, nimekaa kitandani nasikiliza benchi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako aliyeshuka na hakupanda, na moyoni unajua, mnyolee. Lia, nyoa, mpumzishe. Usimwache mpaka apande mwenyewe kuja kukuomba, maana wa kwangu aliniomba mimi ndugu yake, na sikuweza hata kumwita jina.