Banda la Kioo Juu ya Mume Wangu

Mtu nisiyemjua alisimama juu ya kaburi la mume wangu, akachuma tungule, akaipangusa kwenye shati, akaila.

"Tamu," akasema.

Mie nilikuwa kibarazani, nasuka ukili wa mkeka, namtazama kupitia mlango wa banda ulioachwa wazi.

Tungule ndizo nyanya, kama wanavyoziita wenzetu wa bara. Siku hizi sizitii mdomoni. Nikiziona kwenye mchuzi naondoka mkekani. Kaeni niwaeleze kwa nini, na msinikatize. Mie mtu wa taratibu, nitafika tu.

Naishi Utende, hapa Mafia, kwenye shamba la marehemu Abubakari, mume wangu. Si kubwa. Nyumba, kisima, minazi, na kule mwisho karibu na ua, makaburi mawili. Moja lake yeye. Jingine la Fahima, mdogo wangu, aliyekufa angali kijana. Hayana mbwembwe. Jiwe la matumbawe kichwani, jiwe miguuni, basi. Kwa Fahima palikuwa na mche wa mrehani unaonukia pia. Aliupanda Haitham alipokuwa mtoto, akiumwagilia kwa kopo kila akitoka chuo cha Kurani.

Na jambo moja mlijue, nyie mnaokaa mjini. Kwetu watu wakigombea ardhi, wazee huuliza mambo mawili tu. Minazi kaipanda nani? Makaburi ni ya nani? Ukiwa na majibu, nenda kalale. Hakuna wa kukutoa.

Sasa huyu Haitham ndiye ninayeishi naye. Mtu mzima, ana ndevu zake. Ananiita mama. Kazi yake ni mipango. Leo boti, kesho simu, keshokutwa asali.

Siku hiyo kaja mbio, anapepea simu.

"Mama, mambo si haya! Vitalu nyumba! Vya polikaboneti! Vimeshushwa, bei ya kutupwa!"

"Poli nini?"

"Mabati ya plastiki, yanapitisha mwanga kama kioo. Unapanda ndani, mdudu haingii, mvua haipigi. Hoteli zote hapa zinaagiza mboga Dar. Tutawauzia sisi!"

"Na mbona wanavitupa?"

"Mama nawe! Si ofa hiyo."

Nikamwambia vyema, lete hilo banda, ila uliweke pale kisimani, maji yawe karibu.

"Sawa, mama."

Kwa mdomo wake huo huo.

Haukupita muda binti yangu Amal akajifungua, kaolewa kisiwa cha Jibondo. Nikavuka kwenda kumkalia arobaini. Kule hata maji ya kuoga unayaonea huruma, lakini mjukuu ni mjukuu. Nikakaa mpaka ikaisha.

Niliporudi, banda nililiona tangu njiani. Linameremeta kati ya minazi kama jicho la samaki aliyelala juani.

Si kisimani.

Kule mwisho.

Nikaweka furushi chini, nikaenda, nikasukuma mlango. Harufu ndiyo iliyonipokea. Lo! Haitham alizoa ufukweni matumbo ya pweza na ya samaki, akayafukia iwe mbolea. Kwenye joto lile la plastiki yamevunda. Nzi wananguruma. Majasho yanadondoka kutoka darini. Na udongo mpya umejazwa, tungule zimejipanga mistari, na kwenye matuta funza wanatambaa. Wanatambaa palepale nilipokuwa nikinyunyiza marashi.

Mrehani haupo. Makaburi hayaonekani.

"Haitham! Makaburi yako wapi?"

"Yapo, mama, yaende wapi? Nimeongeza udongo juu, basi. Tena hata wao wamepata kivuli."

Hata wao wamepata kivuli! Mtu mwenye akili zake anasema hivyo!

"Na mawe?"

Akachukua ndoo, akaelekea kisimani.

Nikayatafuta mwenyewe. Lile banda la bei ya kutupwa lilikuja bila vyuma vya kulishikilia ardhini, ndiyo maana likatupwa. Ukasha, fundi aliyemsaidia kulifunga, akamwambia upepo wa kusi ukivuma litaruka, tafuta vitu vizito. Haitham akang'oa mawe ya makaburi. Mawe manne, pembe nne. Jiwe la kichwani la Abubakari limekalia mguu wa chuma, na juu yake kandambili zimeanikwa.

Nikatema mate. Mie si mtu wa kutema mate mbele za watu.

"Litoe."

"Wiki ijayo, mama. Acha tungule zivunwe kwanza."

Wiki ijayo ikaja, ikapita. Nikamwambia tena. Wiki ijayo, mama. Nikikasirika ananiletea halua. Halua naipenda, lakini nilikuwa nikiitazama mikono yake, nawaza ilichofukua, naiacha hapo hapo siniani.

Nina mpangaji chumba cha uani, Albina, muuguzi, mtu wa Kilimanjaro. Haitham alimpelekea tungule kwenye kikapu. Akanijia nacho, kakishika mbali na nguo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, hizi nyanya siwezi. Mungu anisamehe. Na sisi kwetu tunazika shambani, kwenye migomba. Ila hatumgeuzi babu mbolea!"

Nilicheka, ingawa sikutaka. Tukazimwaga shimoni.

Basi ndipo ikaja ile siku ya mtu mla tungule.

Walikuwa watatu. Haitham, dalali mmoja mwenye miwani ya jua, na yule mgeni, tumbo limetangulia. Wanamwita bosi Sabri. Wametoka naye bandani, bado anatafuna, mbegu zimemganda kidevuni. Wakasimama karibu nami kama vile mie kinu.

"Eneo safi, bosi," dalali akasema. "Bahari hiyo hapo. Halina mgogoro, halina makaburi."

"Halina," Haitham akaitikia.

Yule bosi akanitupia jicho. "Na huyu bibi?"

"Huyu?" Haitham hata hakugeuka. "Anatuangalizia shamba."

Ukili ukaniponyoka.

Mwangalizi wa shamba! Mie niliyemtafunia wali akiwa hana meno! Mwili wote ukanisisimka, kama mtu aliyekanyaga kitu kibovu pekupeku. Na hapo ndipo nilipolielewa banda. Halikuwa la tungule hata siku moja. Mabati yale yana ukungu, ukiwa nje huoni cha ndani, na ukiwa ndani unaona mboga. Alitaka kitu cha kufunika. Makaburi yakiondoka machoni, na mie si mtu tena bali mwangalizi, nani atauliza kitu?

Ningepiga kelele. Sikupiga. Nikaokota ukili wangu nikasuka.

"Narudi Ijumaa na wenzangu, tumalize," Sabri akasema.

Ijumaa. Vizuri sana.

Shaabani ilikuwa ukingoni. Kwetu kabla Ramadhani haijaingia, kila nyumba inasafisha makaburi ya watu wake, wanasoma Yasini, watu wanakunywa kahawa. Hakuna wa kukuuliza kwa nini. Nikaenda kwa Maalim Shaibu.

"Maalim, Ijumaa baada ya sala naomba mje mtusomee."

"Inshallah. Makaburini?"

"Makaburini."

"Makaburi yako si yamo ndani ya lile dude?"

"Basi tutaingia ndani ya dude."

Akatabasamu kwenye ndevu. "Haya. Tutaingia."

Nikapita kwa jirani yangu Mwanasiti, yeye akiambiwa jambo moja linawafikia wanawake wote wa mtaa.

Haitham sikumwambia neno. Asubuhi ya Ijumaa nilimkaangia maandazi.

Baada ya sala watu wakaja. Maalim akapima kwa macho kutoka kwenye mnazi, akatuonyesha pa kutokukanyaga. Wanaume mbele, wanawake nyuma, tumebanana kati ya mistari ya tungule. Chetezo kinafuka udi, udi unapigana na uvundo wa pweza, na uvundo unashinda. Joto la tanuri! Mwanasiti uso unachuruzika.

"Shoga," akaninong'oneza, "hawa tuliokuja kuwasomea, leo leo tunawafuata."

"Nyamaza usome."

Tumefika katikati ya Yasini, nikasikia sauti ya dalali nje. "Karibu bosi, karibuni wakubwa, humu ndimo bustani ya kisasa..."

Kaona viatu vimetapakaa mlangoni.

Mlango ukasukumwa. Sabri akaingiza kichwa. Akawaona watu wa kanzu na kofia wamekaa chini ya mabati ya plastiki, midomo inacheza. Nampa haki yake, alivua viatu. Akaingia kimya, akasimama palipokuwa na nafasi, akainua mikono mpaka dua ikaisha. Nyuma yake Haitham, rangi imemtoka.

"Amina," Sabri akasema. "Maalim, mnamsomea nani?"

"Mzee Abubakari."

"Alizikwa wapi?"

"Umesimama kifuani pake."

Yule baba akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Hapo uliporukia," Maalim akasema, "ni Fahima."

Akaruka tena. Mwanasiti akajiziba mdomo kwa kanga.

"Fahima ni nani?"



"Haitham," nikamwita, kwa upole kabisa. "Mwambie mgeni wako. Fahima ni nani?"

Kainamisha kichwa. Matone ya jasho la banda yanamdondokea kisogoni, tone kwa tone.

Nikangoja. Kungoja nakuweza.

Hasemi.

"Haya. Basi acha mie mwangalizi wa shamba nimwambie. Fahima ni mdogo wangu. Alikufa siku aliyojifungua, mtoto akabaki mikononi mwangu. Mie nimemlea tu. Mtoto mwenyewe ndiye huyo anayekuuzia. Mrehani aliupanda yeye, kaung'oa yeye. Na hayo matumbo ya pweza unayoyanusa, kamwagia mama yake mzazi."

Sabri akamtazama Haitham kuanzia juu mpaka chini, kama anavyotazamwa samaki aliyeoza. Kisha akakumbuka kitu. Akashika tumbo.

"Ile... ile tungule niliyokula juzi. Mche wake upi?"

Mie niliyemwona akiichuma nikanyoosha kidole. "Huo hapo. Kichwani kwa mzee."

Alitoka bila viatu. Tulimsikia kule uani akitapika, wallahi nilidhani atatapika na figo. Wenzake wakamfuata. Dalali alikwishatoweka, miwani yake tuliiokota njiani.

Haitham alilivunja banda siku ile ile, mtaa mzima umesimama unamtazama, hakuna aliyemshika hata ngazi. Mawe niliamuru ayaoshe, tena kwa maji ya kisimani, ayarudishe kwa mikono yake. Aliweka ya Abubakari. Aliweka ya Fahima. Pale kwa Fahima alichutama muda mrefu, analipangusa jiwe kwa kiganja. Sikumfuata. Mrehani mpya nimepanda mie.

Tungule tuliziteketeza. Hata kuku niliwafungia wasidonoe. Mabati tumezibia choo cha uani. Yanapitisha mwanga, kwa hiyo anayeingia kivuli chake chote kinaonekana akichuchumaa. Albina analalamika. Namwambia hicho ndicho kitu pekee kinacholifaa bati lile.

Mnaniuliza, Haitham je? Yupo. Mtoto wa Fahima nimfukuze aende wapi? Ananiita mama, naitika. Nampakulia. Lakini akinyoosha mkono kupokea sahani, nautazama ule mkono, na mate yananijaa mdomoni. Nayameza. Subira yangu imefika hapo, mbele zaidi haijafika.

Nanyi mnaonisikiliza, mtu wa nyumbani akikuletea kitu cha bei ya kutupwa, usihangaike na bei. Muulize anataka kukiweka wapi.

Na akishakujibu, usiende Jibondo.